Fahamu: Kwa Nini Julai Huwaunguza Waitalia na Kuwapa Baridi Watu wa Wote

Magazeti yanapotangaza harara iwaunguzayo Waitalia mwezi Julai, msomaji wa Wote, makao makuu ya Kaunti ya Makueni, aghalabu huzisoma habari hizo akiwa amevaa sweta. Kwani huku, karibu na Ikweta, jua hupita utosini mwezi Machi na Septemba, na mawingu ya kusi hupunguza joto baina ya Juni na Agosti, ilhali Italia, iliyo mbali kaskazini, wakati huo ndipo imelielekea jua. Tarehe 11 Agosti 2021, karibu na Floridia, kisiwani Sicilia, kipimajoto kilifika nyuzi 48.8, kiwango ambacho Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilikithibitisha mwaka 2024 kuwa rekodi ya Ulaya.

Waitalia hawakukosa hila ya kuyageuza majira hayo ya joto kuwa ya sanaa: tangu 1913 opera huimbwa usiku katika uwanja wa kale wa Verona, na tamasha la filamu la Venice lilizaliwa Agosti 1932.

Ukambani nako, uliko mji wa Wote, kiangazi kina fani yake. Mama huchimba kishimo katika mchanga wa mto uliokauka, akangoja maji yajichuje, kisha akayateka kwa kata polepole asiyatibue. Na pale ulipojengwa ukuta wa kuukinga mto wa msimu, mchanga hurundikana nyuma yake ukayahifadhi maji, jua lisiyafikie. Kwangu mimi, ustadi huo haushindwi na opera.

Basi mkazi wa Wote asiitazame Julai ya Italia. Ajiandae kwa joto la Februari, jua linapokaribia utosini, na la Septemba.