Gari ya Mzigo Inalia Ukiwasha Asubuhi? Kagua Tenshena ya Mkanda Kabla Haijakulaza Njiani

Leo tuache kidogo mambo ya picha na bei, tuongelee gari inayopeleka mzigo kwa mteja. Unaweza kuwa na bidhaa nzuri na wateja wa kutosha, ila Hiace au Noah yako ikizimika katikati ya foleni na oda za watu ziko nyuma, siku nzima imekwenda. Kinachoweza kukulaza ni kidude kidogo tu: tenshena, yaani kile kikaza mkanda wa nje wa injini.

Kazi yake nini?

Gari nyingi za kisasa zina mkanda mmoja mrefu wenye mifereji, wengi tunauita feni belti. Mkanda huo unazungusha altaneta inayochaji betri, kompresa ya AC, pampu ya usukani kama gari yako inayo, na kwenye injini nyingi unazungusha pia pampu ya maji. Tenshena ina mkono, springi na puli yenye beringi. Inausukuma mkanda muda wote ili usilegee. Springi ikichoka au beringi ikila, mkanda unateleza, na mwisho unaruka au unakatika.

Hapo taa ya betri inawaka na usukani unaweza kuwa mzito. Kama pampu ya maji inategemea mkanda huohuo, injini inaanza kuchemsha. Ikikutokea, simama pembeni uzime. Usiseme "ngoja nimalizie hii oda moja". Hiyo oda moja inaweza kukuunguzia silinda hedi, na gharama yake haifanani kabisa na bei ya tenshena.

Utajuaje imechoka?

- Mlio mkali ukiwasha asubuhi, au ukiwasha AC na taa kwa pamoja.
- Injini ikiwa inaunguruma, chungulia bila kugusa. Mkono wa tenshena kutikisika kidogo ni kawaida. Ukirukaruka kama unacheza singeli, umechoka.
- Mkanda umekwanguka pembeni au haukai katikati ya puli.
- Injini ikiwa imezimwa, puli ya tenshena inacheza ukiisukuma kwa mkono.

Kipimo kingine: tumia chupa ya kunyunyizia, rusha maji kidogo upande wa mkanda wenye mifereji injini ikiwa inawaka. Weka mikono, kanga na mikono ya shati mbali. Mlio ukizidi, mkanda unateleza kwa kulegea. Mlio ukipotea kwa muda kisha ukarudi, mara nyingi kuna puli ambayo haijanyooka na nyingine. Na ule mtindo wa kupaka sabuni kwenye mkanda, acha. Unanyamazisha mlio, ugonjwa unabaki palepale.

Kabla hujanunua spea

Kwanza hakikisha gari yako ina tenshena ya springi. Gari nyingi za zamani, mkanda unakazwa kwa kusogeza altaneta na kufunga bolti. Hizo kazi yake ni nyingine.

Pili, usichanganye na taimingi belti. Ile iko ndani ya kava na inaongoza valvu. Ikikosewa jino moja tu, injini inaweza kuharibika. Hiyo mwachie fundi.

Ukienda dukani, iwe Kariakoo au kwingine, beba namba ya chasisi na picha ya tenshena ya zamani. Linganisha upana wa puli, matundu ya bolti na upande ambao mkono umeelekea. Kwa mkanda, soma namba zilizoandikwa mgongoni. Mfano 6PK1200: 6 ni idadi ya mifereji, 1200 ni urefu kwa milimita. Kama mkanda una nyufa au umekwanguka, nunua vyote pamoja, maana tenshena mpya haiokoi mkanda uliokwisha.

Vifaa: seti ya soketi, spana ndefu au mpini mrefu, spana ya kupimia nguvu kama unaweza kuazima, tochi, glavu na simu ya kupiga picha.

Hatua za kazi

1. Paki sehemu tambarare, vuta hendibreki, toa ufunguo. Subiri injini ipoe kabisa. Toa waya wa hasi wa betri.

2. Fungua njia ya kufikia mkanda. Hiace nyingi injini iko chini ya viti vya mbele, kwahiyo utanyanyua kiti na huenda ukahitaji kuingia chini. Usiingie chini ya gari inayoshikiliwa na jeki peke yake. Weka stendi imara na kata matairi vizuizi.

3. Piga picha njia nzima ya mkanda, pande zote. Ichore pia kwenye karatasi. Watu wengi hukwama hapa, mkanda umeshatoka na hamna anayekumbuka ulipita wapi.

4. Weka soketi kwenye kichwa au tundu la tenshena, uizungushe taratibu upande unaolegeza mkanda. Ukiona inagoma kabisa, jaribu kujua upande sahihi kwanza, usilazimishe. Mkanda ukilegea, uchomoe kwenye puli iliyo rahisi kufikia, kisha rudisha tenshena polepole. Usiiachie ghafla, springi ina nguvu ya kuvunja kidole.

5. Mkanda ukiwa nje, zungusha kila puli kwa mkono: altaneta, pampu ya maji na zile puli za kupitishia. Inayokwaruza, inayocheza au yenye alama za maji kuvuja, ishughulikie sasa hivi. Usije ukafunga tenshena mpya halafu beringi ya puli nyingine ikaua mkanda wiki ijayo.

6. Fungua bolti za tenshena. Zipange kama zilivyotoka, maana zinaweza kuwa na urefu tofauti. Kama kwenye gari yako lazima ulegeze kishikio cha injini ndipo itoke, ishia hapo na umwite fundi.

7. Weka mpya na ya zamani sambamba, hakikisha zinafanana. Safisha inapokaa. Kama ina kipini cha kuiongoza, kiingie kwenye tundu lake. Anza bolti zote kwa vidole, kisha kaza kwa kipimo cha kitabu cha gari. Usikaze kwa hasira: penye aluminiamu nyuzi zinakwanguka kirahisi. Kama imekuja na pini ya kuishikilia, usiichomoe mpaka mkanda ukae.

8. Rudisha mkanda kwa kufuata picha. Upande wenye mifereji unakaa kwenye puli zenye mifereji, mgongo unakaa kwenye puli laini. Legeza tenshena, malizia puli ya mwisho, iachie taratibu. Sasa pitia kila puli na tochi. Mfereji mmoja ukiwa nje, mkanda utaharibika muda mfupi tu.

9. Toa vifaa vyote, hesabu spana zako. Rudisha betri. Washa kwa sekunde chache, zima, kagua tena. Kisha washa, weka taa na AC, zungusha usukani. Kama kimya na mkanda umetulia, zunguka mtaani bila mzigo kwanza. Kesho yake asubuhi angalia tena.

Inalipa kufanya mwenyewe?

Piga hesabu. Tuseme kwa siku unapeleka oda 12, kila moja inakuachia faida ya shilingi 8,000. Gari ikilala siku moja, umepoteza 96,000 kabla ya gharama ya kuvutwa na ya fundi. Bado hujahesabu mteja wa keki au wa nguo ya harusi ambaye harudi tena. Ukifanya kazi hii siku unayoichagua wewe, siyo siku ambayo gari imekuchagulia, unaokoa pesa na jina.

Ila kama huna vifaa, huoni vizuri pa kufanyia kazi au hujawahi kushika spana, hakuna aibu kumlipa fundi. Hata hapo umefaidika: unajua umuulize nini, na unaweza kuomba uonyeshwe spea ya zamani.

Na siku ya matengenezo, waandikie wateja mapema: "Ndugu mteja, kesho gari yetu iko kwenye matengenezo. Oda yako itafika keshokutwa kabla ya saa 6 mchana. Kama ni ya haraka, tujulishe leo tuitume kwa bodaboda." Mteja anasamehe kuchelewa alikoambiwa. Kuchelewa kwa simu isiyopatikana, hasamehi.

Andika tarehe na kilomita ulizobadilishia kwenye daftari la gari. Kisha mtumie mwenzako ambaye gari yake inalia kila asubuhi na anasema imezoea.