Katuni Kuukuu Ni Mali: Tuzikague Kabla ya Kuziuza

Katika pitapita zetu sokoni Buhinyuza, upande wa Muyinga, tulinunua karanga zilizofungiwa karatasi ya picha za rangi. Tulipoikunjua tukakuta ni ukurasa wa kitabu cha katuni cha Kifaransa, cha zamani. Kijana muuzaji alitueleza kwamba kitabu hicho, ambacho alikwisha kukichana nusu, kilitoka katika sanduku la marehemu babu yake. Je, kijana huyu aliuza karanga tu, au aligawa na urithi bure?

Swali hilo si la mzaha. Mwaka 1938 huko Marekani, toleo la kwanza la Action Comics liliuzwa kwa senti 10. Mwaka 2024 nakala moja ya toleo hilo ilinunuliwa mnadani kwa dola milioni 6. Hatusemi kwamba kila sanduku lina dhahabu. Twasema kwamba asiyejua alicho nacho hawezi kukipangia bei.

Jambo la kwanza ni kuijua chapa. Chukua kitabu Tintin au Congo cha Mbelgiji Hergé. Kilitoka mwaka 1931 bila rangi, na humo Tintin anawafundisha watoto wa Kiafrika kwamba Ubelgiji ndiyo nchi yao. Kilipochorwa upya kwa rangi mwaka 1946, somo hilo la dharau likageuzwa kuwa hesabu. Lakini mwaka 1946 ukiandikwa ndani hautoshi kuwa ushahidi, kwani uliendelea kuchapwa katika nakala za baadaye. Geuza jalada la nyuma: likitaja Tintin au Tibet, kitabu cha mwaka 1960, basi nakala hiyo haiwezi kuwa ya 1946. Jarida la Joe, lililoanzishwa Nairobi mwaka 1973 na Hilary Ng'weno na Terry Hirst, nalo lichunguzwe tarehe na namba ya toleo.

Pili ni hali. Keti mwangani, uhesabu kurasa moja moja. Tazama mikunjo, kutu ya pini, madoa ya maji, maandishi ya kalamu na njia za mchwa. Kampuni ya CGC ya Marekani hupanga katuni kwa daraja kuanzia 0.5 hadi 10. Ile nakala ya dola milioni 6 ilipewa 8.5. Anayeanza yamtosha maneno matatu: safi, wastani, mbovu, ila kila dosari aiandike. Mali bila daftari huisha bila habari.

Tatu, usitengeneze. Gundi, selotepu, kitambaa chenye maji na mkasi wa kunyoosha kingo hushusha thamani badala ya kuipandisha.

Mwisho ni uaminifu. Mnunuzi aliye mbali hukitazama kitabu kwa macho ya muuzaji. Ukificha ukurasa mmoja uliokosekana, utauza mara moja tu.

Tulirudi kwa kijana yule, tukakihesabu pamoja kitabu kile. Akaandika kwa mkono wake mwenyewe: "Kibovu, kurasa 23 hazipo." Bei yake itakuwa ndogo, wala hilo halina dawa. Lakini sandukuni vimebaki vinne vizima, na karanga za Buhinyuza sasa zinafungiwa karatasi nyingine.