Kuingia Si Kupatana: Funzo la Nyaya za Kompyuta Kutoka Smithfield

Smithfield ni kitongoji cha magharibi mwa Sydney, Australia, katika halmashauri ya Fairfield. Hakina stesheni ya treni. Mgeni hushuka Fairfield, akapanda basi, na karibu na makazi ya watu atakuta maghala na viwanda vimepangana kama mabweni. Huko ndiko anakoishi mjomba wangu, na huko ndiko nilikojifunza, kwa hasara, jambo ambalo ningependa wanachama wenzangu walijue kabla hawajashika bisibisi.

Mjomba alikuwa na kompyuta ya mezani, na ndani yake alihifadhi sauti ya bibi: hadithi, vitendawili na nyimbo za kubembelezea watoto, alizozirekodi kila alipokwenda likizo nyumbani. Bibi hayupo tena. Mimi nilikuwa nazihitaji rekodi hizo kwa ajili ya tasnifu yangu ya fasihi simulizi, na tulikubaliana kwamba nitazinakili nikifika.

Wiki niliyofika, kompyuta ilikataa kuwaka. Tulipoichunguza tuliona kuwa kisanduku cha umeme kimekufa. Kwa msomaji asiyezoea mambo haya, hicho ni kile kisanduku cha chuma chenye feni, ambacho mafundi wetu hukiita pawa saplai. Kazi yake ni kupokea umeme wa ukutani na kuugeuza uwe umeme mdogo wa volti 12, 5 na 3.3, unaotumiwa na ubao mama, prosesa na diski.

Tulinunua kipya. Nyaya zake zilikuwa za kuchomeka na kuchomoa pande zote mbili, kama zilivyokuwa za kile cha zamani. Waya mkubwa wa ubao mama tuliubadilisha. Waya wa diski ulikuwa umepitishwa nyuma ya bamba la kasha na kufungwa vizuri. Mjomba akasema, "Mjomba, huu tuuache. Kwanza tazama, unaingia." Nikautazama, nikajibu, "Kweli mjomba, unaingia." Tulipowasha tulisikia mlio mdogo, kisha harufu ya kitu kinachoungua. Ubao mama ulipona. Diski haikupona.

Kosa letu lilikuwa moja tu. Upande wa ubao mama na diski, vichwa vya nyaya hufuata viwango vinavyojulikana. Upande wa kisanduku cha umeme hakuna kiwango kinachowabana watengenezaji wote. Kila kampuni hupanga volti zake itakavyo, na hata kampuni moja huweza kubadili mpangilio kutoka toleo moja hadi jingine. Tundu la pini sita lenye umbo lilelile linaweza kutoa volti 12 mahali ambapo kisanduku kingine kilitoa volti 5. Diski yetu ilipokea volti 12 kwenye njia ya volti 5. Sisi wanafunzi wa sarufi tunalijua jambo hili kwa sura nyingine: "kitabu limeanguka" ina maneno yote yanayotakiwa, kila moja mahali pake, lakini hayapatani. Sikio la msemaji hulikataa kosa hilo mara moja. Kompyuta haina sikio la namna hiyo, nayo huungua.

Basi anayetaka kubadilisha kisanduku cha umeme aanze kwa kuutazama ubao mama kabla hajakwenda dukani. Ahesabu matundu ya kiunganishi kikuu. Kiwango cha ATX, kilichotolewa na Intel mwaka 1995, kilianza na pini 20. Toleo la mwaka 2003 lilizifanya kuwa 24. Vichwa vingi vya leo vimegawanyika, 20 na 4, ili viingie kwenye ubao wa zamani na wa sasa. Ukiona kipande cha pini nne kimening'inia pembeni, usidhani kimevunjika.

Halafu tafuta kiunganishi cha prosesa, ambacho huwa karibu na prosesa yenyewe. Kilianza kutumika mwaka 2000 kikiwa na pini 4. Leo mbao nyingi zina pini 8, na zile za prosesa kubwa huweza kuwa na viunganishi viwili. Hapa pana mtego. Kadi ya picha nayo huweza kutumia kichwa cha pini 8, na kwa macho vichwa hivi viwili ni kama pacha. Lakini mpangilio wake umepinduliwa: upande ambao mmoja hupitisha volti 12, mwingine huwa ni ardhi. Kama nyaya zina rangi, hesabu. Njano ni volti 12 na nyeusi ni ardhi. Kichwa cha prosesa kina njano nne na nyeusi nne, na mara nyingi hugawanyika nusu kwa nusu. Cha kadi ya picha kina njano tatu na nyeusi tano, na hugawanyika sita kwa mbili. Kama nyaya zote ni nyeusi, soma maandishi yaliyo kwenye kichwa chenyewe: CPU ni cha prosesa, PCIe ni cha kadi ya picha. Vitundu vyake pia havifanani, vingine ni mraba kamili na vingine vimekatwa kona, ili kisichohusika kigome. Kikigoma, usikilazimishe. Nguvu ya kidole gumba inatosha kukishinda kizuizi hicho, na gharama utailipa wewe.

Tatu, angalia kompyuta imetoka wapi. Wengi wetu hununua kompyuta zilizotumika maofisini. Baadhi ya kompyuta hizo za Dell, HP na Lenovo hazina kiunganishi cha pini 24 kabisa. Zina vya pini 6, 8, 10 au 14, kwa mpangilio wa kampuni husika. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Dell ilitumia hata kichwa kilichofanana na cha ATX huku nyaya zake zimepangwa vingine. Adapta zipo, lakini nunua ile iliyotajwa kwa jina la modeli yako, si ile inayofanana nayo.

Nne, tumia nyaya zilizokuja na kisanduku hicho na si nyingine, hata kama za zamani ni nzuri zaidi. Ukikitoa kisanduku cha zamani, kitoe na nyaya zake zote. Ukikihifadhi, zifunge pamoja nacho. Ukimpa mtu, mpe vyote.

Tano, kumbuka umeme wa ukutani. Australia hutumia volti 230 kama Tanzania, na Kenya 240, kwa hiyo anayeleta kompyuta nyumbani kutoka Sydney kwa kawaida atabadilisha waya wa ukutani tu, kwa kuwa plagi zao zina meno bapa yaliyoinama na zetu si hivyo. Anayeleta kutoka Marekani awe mwangalifu zaidi. Visanduku vya zamani vina swichi ndogo nyuma, ya 115 na 230. Kikiachwa kwenye 115 kikachomekwa kwetu, hulipuka.

Mwisho, sukuma kila kichwa mpaka usikie kikamatio kinabana. Mwaka 2022 baadhi ya wenye kadi za picha za RTX 4090 walikuta viunganishi vyake vya pini 16 vimeyeyuka, na NVIDIA ilieleza kuwa sababu iliyojirudia ni kichwa kutosukumwa mpaka mwisho. Na kisanduku chenyewe usikifungue. Umeme hubaki ndani hata baada ya kuchomoa waya ukutani.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi wa Kiswahili. Usiku ule nilimpigia fundi mmoja aliye Dar es Salaam nimweleze tulichofanya, nikajikuta nasema "kile kidude" na "ile nanihii". Neno kiunganishi nilikuwa nalo, lakini kwangu lilikuwa ni "na", "lakini" na "ila". Yeye alisema kichwa, soketi, meno, madabodi, na kwa maswali matatu akajua tulipokosea. Mafundi wetu wana msamiati unaofanya kazi kila siku, na mwingi haumo katika kamusi tunazozitumia darasani. Chama chetu kingeweza kuukusanya mtaani, neno kwa neno, kama tunavyokusanya methali. Anayeweza kukitaja kitu kwa usahihi huweza pia kuuliza kwa usahihi, tena kabla ya kuwasha.

Tuliipeleka diski kwa fundi wa kuokoa data. Alisema sahani zenye data huenda ni nzima, kilichoungua ni kadi yake ya umeme. Bei aliyoitaja ilizidi ya kompyuta nzima. Mjomba hakunilaumu, nami sikumlaumu. Kila mwisho wa mwezi anaweka pesa kidogo pembeni. Diski imo kabatini kwake Smithfield, imefungwa katika kitambaa, na sauti ya bibi imo ndani yake.

Kama nawe una sauti ya namna hiyo, fanya nakala yake leo, kisha ndipo ufungue kasha.