Umejuaje? Swali la kwanza katika somo la Historia

Muulize mwanafunzi wa kidato cha kwanza nani aliligundua Ziwa Victoria, hatachelewa: John Speke, 1858. Jibu hilo amelikariri tangu shule ya msingi, amelinukuu daftarini na amepewa alama yake kwenye mtihani. Mimi nafundisha Historia hapa Mwanza, na kila mwaka unapoanza nalirudia jibu hilo mbele ya darasa jipya nikiwa na swali moja tu: umejuaje?

Darasa zima hunyamaza. Hakuna aliyewahi kuwauliza hivyo. Wamezoea kwamba Historia ni kitu kinachotoka kitabuni kwenda ubaoni, kutoka ubaoni kwenda daftarini, na siku ya mtihani kinarudishwa kilivyo. Naamini kabisa kwamba hapo ndipo tunapowapoteza watoto. Si wavivu wa kusoma. Wamepewa majibu tu, wala hawajaonyeshwa majibu hayo yalipatikanaje.

Kwa hiyo nawatuma mjini. Kwenye mnara wa saa kuna kibao kinachomweleza mpita njia kwamba Speke aliyaona maji ya ziwa kutoka kilima cha Isamilo tarehe 3 Agosti 1858. Wanafunzi wengi hupita hapo na daladala bila kukisoma. Wanakwenda, wanakinakili neno kwa neno, na kesho yake tunakihoji kibao kama shahidi: kinasema nini? Aliyekiweka alitaka tukumbuke nini? Nani mwingine alikuwepo siku ile ambaye hatajwi?

Waliokuwepo ni wengi. Speke alitoka Kazeh, yaani Tabora ya leo, akimwacha mwenzake Richard Burton akiwa mgonjwa. Alikuwa na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa hadi India, kisha akarudi pwani yetu akiwa mtu huru. Speke na Bombay walizungumza Kihindustani. Bombay akizungumza na wengine alitumia Kiswahili, na ili kumfikia mwenyeji wa huku lazima maneno yaingie Kisukuma. Hapa Mwanza mtemi aliyempokea aliitwa Mahaya. Speke akauliza ziwa linaishia wapi upande wa kaskazini, akaambiwa huenda linafika mwisho wa dunia. Alikaa siku chache, akageuza, na huko kwao akatangaza kwamba amepata chanzo cha mto Nile.

Darasani tunaliigiza jambo hili. Wanasimama wanne mbele: Speke, Bombay, mkalimani na Mtemi Mahaya. Speke anamnong'oneza Bombay swali kwa Kiingereza, kikishika nafasi ya Kihindustani, Bombay anampa mkalimani kwa Kiswahili, mkalimani analifikisha kwa mtemi kwa Kisukuma, na jibu linarudi kwa njia hiyo hiyo. Swali la "ziwa hili lina upana gani" niliwahi kulisikia likirudi kama habari za samaki wakubwa. Darasa likacheka sana. Baada ya kicheko binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha kidole: "Mwalimu, kwa hiyo Speke alibahatisha?"

Swali lile ndilo somo lenyewe. Burton alimpinga Speke kwa hoja hiyo hiyo, na hata Speke aliporudi na kuyaona maporomoko ya Jinja mwaka 1862, ubishi haukuisha. Mwaka 1875 Henry Stanley alianzia safari Kageye, upande wa Magu, akalizunguka ziwa lote kwa mashua, ndipo ushahidi ukawa mzito. Mwanafunzi anajifunza kwamba mtu anaweza kuwa sahihi kabla ya kuwa na ushahidi, na kwamba hayo ni mambo mawili tofauti. Hilo halisahau, hata akisahau tarehe.

Kazi inayofuata ni ya likizo: kuzungumza na mzee mmoja wa nyumbani au mtaani. Kwanza nawafundisha namna ya kuingia. Huwezi kufika na daftari na kuanza kuuliza. Unaanza na mwangaluka au shikamoo, habari za nyumbani, kisha unashika kazi iliyopo. Ukimkuta anaanua dagaa, unaanua naye. Maswali nayo yawe madogo. Ukimuuliza bibi "ukoloni ulikuwaje?" atakujibu kama redio ilivyosema. Muulize alipokuwa na umri wako jioni walikula samaki gani, na hapo atakaa vizuri kwenye kigoda. Atataja furu, ningu, sato. Sangara hatamtaja, kwa sababu samaki huyo aliingizwa ziwani upande wa Uganda miaka ya 1950, na huku kwetu alijaa kwenye nyavu miaka ya 1980. Kutoka kwenye chungu kimoja cha mboga mnafika kwenye viwanda vya minofu vya Mwanza, soko la Ulaya, na mapanki yaliyobaki kwa ajili ya wenyeji. Kitabu kingehitaji sura nzima, na mwanafunzi asingeamini kwamba inamhusu.

Ugumu unakuja kwenye tarehe, maana wazee wengi hawakuziandika. Mmoja atasema alizaliwa mwaka ziwa lilipopanda likameza mashamba. Mwingine alioa kabla hawajahamishiwa kijijini. Mwingine alijifungua wakati wa vita vya Amin, sukari ikiwa haionekani. Darasani tunafunga kamba kutoka dirishani hadi mlangoni na kuning'iniza karatasi. Ziwa lilipanda kuanzia mvua kubwa za mwishoni mwa 1961 hadi 1964. Operesheni Vijiji ilipamba moto mwaka 1974. Vita vya Kagera ni 1978 na 1979. Kila simulizi inatafuta mahali pake kwenye kamba. Karatasi ya Uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, inajikuta ubavuni mwa karatasi za mafuriko, na wanafunzi wanaona wenyewe kwamba mwezi ule wa bendera mpya kuna familia za ufukweni zilikuwa zinahamisha vyombo kukimbia maji. Wengine huleta vitu: kadi ya TANU iliyofifia, stakabadhi ya kodi ya kichwa, au risiti ya pamba ya chama cha msingi kilichokuwa chini ya Victoria Federation, muungano wa ushirika wa kina Paul Bomani wa mwaka 1955. Risiti moja ya pamba hufundisha uchumi wa kikoloni vizuri kuliko kurasa kumi za nukuu.

Kuna mada ninayoigusa kwa tahadhari. MV Bukoba ilizama asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, ikiwa imekaribia bandari ya Mwanza. Kila darasa lina mtoto ambaye ukoo wake una kaburi Igoma, au hauna hata kaburi. Naomba ridhaa kwanza, na asiyetaka kushiriki halazimishwi. Kisha tunauliza: waliokufa walikuwa wangapi? Maandishi hutofautiana, mengine yakitaja 800 na mengine yakikaribia 1,000. Wanafunzi hudhani mwandishi mmoja amesema uongo. Nawaambia wachunguze orodha. Meli ilikuwa ya abiria 430, na abiria wa daraja la tatu hawakuandikwa majina. Maskini ndio waliosafiri bila kuandikwa, kwa hiyo ndio hatuwezi kuwahesabu. Halafu naweka pembeni MV Nyerere, kivuko cha abiria 101 kilichopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018 na kuua watu zaidi ya 220. Miaka ishirini na miwili ilikuwa imepita. Kazi yao ni kuandika kilichobadilika na kile ambacho hakikubadilika. Sijawahi kusoma insha za wanafunzi zenye uzito kama hizo.

Nalisema hili kwa sababu mtaala mpya ulioanza 2024 umetuletea somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili hadi sekondari. Kwa miaka mingi tulifundisha Historia ya sekondari kwa Kiingereza, na watoto wenye akili zao walikariri sentensi wasizozielewa. Sasa nasikia mabishano darasani, na nafurahi kutoka moyoni. Hofu yangu iko kwenye hilo neno la mwisho la jina la somo. Tukiligeuza kuwa orodha ya mashujaa na sifa zao, tutarudi kwenye madesa yale yale, safari hii kwa Kiswahili. Mtoto aliyekaa na orodha ya abiria isiyo na majina ya maskini hahitaji kuambiwa uwajibikaji ni tunu. Anajua kukosekana kwake kunafanana na nini.

Walimu wenzangu huniuliza muda unatoka wapi, nao wana haki ya kuuliza. Tangu elimu bila malipo ilipoanza 2016 madarasa yamefurika, na mtihani wa Necta hausubiri. Mimi sifanyi hivi kwa kila mada. Nachagua chache kwa mwaka, nazichimba, na nyingine napita haraka kwa muhtasari. Darasa la wanafunzi themanini haliwezi kuwa na majadiliano ya watu themanini, lakini dawati la watu watatu tayari ni kundi. Kila dawati linapata karatasi moja yenye chanzo kimoja na maswali matatu: nani anasema, alikuwa wapi jambo likitokea, na aliona mwenyewe au alisimuliwa? Naandaa karatasi za aina nne tu, zinazunguka. Gharama yake ni kurasa chache za kurudufu. Mtihani wenyewe una maswali ya kujadili, na aliyezoea kupima ushahidi huyajibu akiwa na la kusema.

Daftari za simulizi sizirudishi nyumbani. Zinakaa kabatini, na kidato kinachofuata kinazitumia kama vyanzo, kinazilinganisha, kinazipinga. Kuna mambo bado hayamo. Serikali ya kikoloni iliipiga marufuku TANU katika Jimbo la Ziwa kuanzia 1954 hadi 1958, na mwaka huo wa 1958 maelfu ya watu wa Geita walikuja Mwanza kupinga baraza la wilaya la mchanganyiko wa rangi lililowekwa juu yao. Aliyekuwa kijana wa miaka ishirini wakati ule sasa anakaribia tisini. Kabati langu halina hata simulizi moja ya tukio hilo. Likizo ijayo wanafunzi wanaotoka Geita na Sengerema watapewa kazi hiyo kwanza, kabla ya nyingine yoyote, na daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 linawafikisha nyumbani mapema kuliko kaka zao waliokuwa wakisubiri kivuko.