Kupiga Picha za Wadudu: Anza na Ulichonacho

Huhitaji kamera ya gharama ili kupiga picha za wadudu. Simu yenye kamera na kioo cha kukuzia, kama kile cha fundi saa, vyatosha. Kishike kioo mbele ya lenzi, kisha usogee polepole hadi macho ya mdudu yaonekane wazi.

Toka alfajiri. Katika miombo ya Mpanda, kabla jua halijapanda, mwili wa mdudu ungali baridi na hawezi kuruka upesi. Ndipo panzi na kipepeo hutulia. Usimfunike kwa kivuli chako, na piga picha nyingi, maana upepo hutikisa majani.

Hata hivyo, tahadhari ni lazima. Misitu ya Katavi ina mbung'o, ambao huweza kuambukiza malale. Huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi. Ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Basi mvike mwanao kaki ya mikono mirefu. Wala msiikaribie mizinga iliyotundikwa mitini, kwani nyuki hulinda makao yao. Hakuna picha inayolingana na afya ya mtoto.