Kuuliza Si Ujinga, Lakini Kuna Namna ya Kuuliza

Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Hawakunena kwamba kila namna ya kuuliza huleta jibu. Jambo hili hudhihirika katika nyumba nyingi siku hizi. Familia hununua kompyuta iliyokwisha kutumika kwingine, kwa ajili ya masomo ya watoto au hesabu za biashara ndogo ya mama wa nyumbani. Mashine hiyo hutiwa mfumo endeshi wa Linux, kwa kuwa haulipiwi. Kisha siku ya tatu printa hukataa kuchapa, au mashine hukataa kushika intaneti.

Hapo hakuna duka la kuirudisha wala fundi mwenye mkataba. Waliopo ni watu wa kujitolea, waliotawanyika duniani, ambao hawalipwi hata senti moja kwa kumjibu mwenye shida. Msaada wao hupatikana, na watu wengi wameupata. Lakini una adabu yake, na kuna kazi impasayo mwombaji kuifanya kabla hajaandika neno.

ASILI YA USHIRIKA HUU

Programu huria ni zile ambazo msimbo wake, yaani maandishi ya maagizo yanayoiongoza kompyuta, uko wazi kwa kila mtu kuusoma, kuurekebisha na kuwagawia wengine. Fikra hii ilichochewa kwa sehemu na kifaa kisichotii. Kiasi cha mwaka 1980, maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT nchini Marekani ilipewa na kampuni ya Xerox printa mpya ya leza. Karatasi zilikuwa zikikwama ndani yake, na watu waliongoja kazi zao hawakuwa na habari. Mtaalamu mmoja wa maabara hiyo, Richard Stallman, alikuwa amekwisha kuirekebisha programu ya printa ya zamani ili ikikwama iwapelekee watumiaji taarifa. Kwa printa mpya hakuweza, maana msimbo wake ulifichwa. Alipomwendea mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon aliyekuwa nao, akanyimwa, kwa sababu yule alikuwa ameahidi kutomtolea mtu.

Tarehe 27 Septemba 1983, Stallman alitangaza mradi wake wa GNU. Katika tangazo hilo aliwaomba watengenezaji wa kompyuta wachangie mashine na fedha, na watu binafsi wachangie programu na nguvu zao. Hivyo tangu siku ya kwanza kazi hii ilisimama juu ya ombi.

Tarehe 25 Agosti 1991, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, Linus Torvalds, aliyekuwa na umri wa miaka 21, naye aliwatangazia wenzake kwamba anatengeneza mfumo endeshi kwa kujifurahisha. Aliwaomba maoni, na akawatahadharisha kwamba pengine mfumo huo usingeweza kamwe kutumia diski za aina nyingine ila ile ya kwake, kwa kuwa ndiyo pekee aliyokuwa nayo.

Katika tahadhari hiyo mna funzo kubwa. Mtu wa kujitolea huweza kutengeneza kile alichonacho mbele yake, au kile alichoelezwa barabara na mwenye nacho. Linux ilikua kwa sababu watu wenye diski nyingine, kadi nyingine na printa nyingine waliandika na kueleza waliyoyaona, na wenye ujuzi wakaleta masahihisho. Tangu Novemba 2017, kompyuta zote 500 zilizomo katika orodha ya zile zenye kasi kuliko zote duniani zinatumia Linux, na kiini chake kimo pia ndani ya simu za Android. Ni kweli kwamba wengi wanaokishughulikia kiini hicho leo hulipwa na makampuni. Lakini kifaa cha miaka kumi iliyopita, kilichomo katika nyumba ya mtu wa kawaida, mara nyingi hubaki mikononi mwa wanaojitolea.

KWA NINI VIFAA HULETA TAABU

Baina ya mfumo endeshi na kila kifaa husimama programu ndogo iitwayo kiendeshi. Kazi yake ni kama ya mkalimani baina ya kamanda na kikosi kisichojua lugha yake. Mkalimani akikosekana, amri hutolewa na hakuna anayetii. Baadhi ya watengenezaji huandika viendeshi vya Windows pekee, wala hawaelezi namna vifaa vyao vinavyofanya kazi. Hapo wanaojitolea hulazimika kukichunguza kifaa kidogo kidogo, wakikipa amri na kutazama kinavyojibu. Mnamo mwaka 2007, Greg Kroah-Hartman, mmoja wa viongozi wa kazi ya kiini cha Linux, alitangaza kwamba watu wa kujitolea wangemwandikia kiendeshi bila malipo mtengenezaji yeyote ambaye angetoa maelezo ya kifaa chake.

Taabu nyingine ni kwamba jina lililoandikwa kwenye boksi hudanganya. Vifaa viwili vya Wi-Fi vyaweza kuuzwa kwa jina moja na umbo moja, kumbe chipu za ndani zimetoka kwa watengenezaji tofauti, na kila moja yataka kiendeshi chake. Anayeuliza kwa kutaja jina la boksi tu huenda akaelekezwa njia isiyo yake.

TAARIFA KAMA YA ASKARI WA ZAMU

Askari ajua tofauti baina ya uvumi na taarifa. Mtu akifika kituoni akasema, "Kumetokea wizi," kisha akanyamaza, hakuna upelelezi utakaoanza. Ataulizwa ni wapi, saa ngapi, kimeibwa nini, na nani aliona. Mtu wa kujitolea naye amo katika hali hiyo hiyo, na zaidi ya hayo hawezi kufika mahali pa tukio.

Kwanza, yafaa kuondoa yale yasiyohusu programu. Waya hujaribiwa mwingine, kifaa huhamishiwa tundu jingine, na ikiwezekana hujaribiwa kwenye kompyuta ya pili. Umeme unaopanda na kushuka, vumbi ndani ya mashine na kumbukumbu iliyoharibika huleta makosa yanayofanana na ya programu. Katika majaribio hayo hubadilishwa jambo moja tu kwa wakati, na kila matokeo huandikwa. Anayebadilisha mambo matano kwa mpigo hatajua ni lipi lililoponya wala lipi lililoharibu.

Pili, kifaa kitajwe kwa utambulisho wake wa kweli. Kila kifaa cha USB hubeba namba mbili, moja ya mtengenezaji na moja ya aina ya kifaa, ambazo huandikwa kwa tarakimu na herufi nne, nukta pacha, kisha nyingine nne. Amri ya lsusb huzionyesha. Kwa kadi zilizomo ndani ya mashine, amri ni lspci -nn. Namba hizi ndizo sawa na alama za vidole: hazitegemei boksi.

Tatu, lisomwe daftari la matukio. Kompyuta huandika kila jambo ambalo kiini kimekutana nalo, na amri ya dmesg hulifungua daftari hilo. Aghalabu kosa hutajwa humo waziwazi, kama vile faili fulani kutopatikana. Mistari hiyo inakiliwe kama ilivyo, bila kufasiriwa wala kufupishwa, kwani neno moja linaloonekana halina maana ndilo huenda likamfungulia mjuzi mlango. Hali kadhalika yatajwe matoleo ya mfumo na ya kiini. Amri ya uname -r hutoa toleo la kiini.

Tazama barua hizi mbili. Ya kwanza yasema: "Linux yenu ni mbovu. Intaneti haishiki. Nisaidieni upesi." Ya pili yasema: "Habari za kazi, ndugu. Natumia Debian 12 katika kompyuta ya mezani. Kifaa changu cha Wi-Fi kinawaka taa, lakini orodha ya mitandao ni tupu. Kilifanya kazi hadi Jumamosi, nilipotia kiini kipya. Nikiwasha mashine kwa kiini cha zamani, chafanya kazi tena. Namba zake na mistari ya daftari zimo hapa chini."

Barua ya kwanza haina pa kushikwa. Ya pili imekwisha kufanya nusu ya kazi, kwa kuwa imeonyesha mahali kosa lilipoingia. Tena Torvalds ameshikilia kanuni kwamba badiliko jipya lisiharibu kilichokuwa kikifanya kazi. Kwa hiyo ripoti ya namna hiyo husikilizwa.

ADABU NA SUBIRA

Anayejitolea ana ajira yake, ana watoto, na huenda kwake ni usiku wa manane wakati barua inapofika. Leseni za programu hizi husema wazi kwamba hazina dhamana. Kwa hiyo mwombaji hadai, anaomba. Atafute kwanza iwapo swali lake limekwisha kujibiwa. Asilipeleke mahali kumi kwa wakati mmoja, watu kumi wakapoteza jioni zao kwa jambo moja. Akiambiwa ajaribu jambo, alijaribu, arudishe majibu hata kama halikufaulu. Kimombo chepesi chenye sentensi fupi chatosha, na hakuna haja ya kuona haya kwa makosa ya sarufi.

Mwaka 1999 Simon Tatham, mtaalamu wa Uingereza, aliandika mwongozo wa kuripoti makosa ya programu. Na mwaka 2001 Eric Raymond na Rick Moen wakatoa mwongozo wa kuuliza maswali ya kiufundi. Miongozo yote miwili yakubaliana katika jambo moja: mjuzi huhitaji kuelezwa kilichotokea kabla ya kuelezwa mwombaji anavyodhani.

Kuwabughudhi watu hawa kuna hatari. Programu iitwayo XZ, itumikayo kubana mafaili, ilitunzwa kwa miaka mingi hasa na mtu mmoja wa kujitolea. Mwaka 2022 alishutumiwa hadharani kwa kukawia, naye akiwa amechoka. Kidogo kidogo alimkabidhi sehemu ya kazi mtu aliyejionyesha kuwa mwema, na mtu huyo akaficha ndani ya programu mlango wa wavamizi. Mhandisi Andres Freund aliugundua Machi 2024, baada ya kuona kompyuta yake ikikawia kiasi cha nusu sekunde tu wakati wa kuingia. Baadhi ya majina yaliyomshutumu mtunzaji yule hushukiwa kuwa ya bandia.

SIRI ZILINDWE

Kwa familia za askari, jambo hili lataka uangalifu zaidi. Ripoti huonwa na dunia nzima, wala haifutiki kwa urahisi. Kabla ya kuipeleka, yaondolewe maneno ya siri, namba za mfululizo za kifaa, anwani na majina ya watu wa nyumbani. Kompyuta ya ofisi au ya kikosi isiulizwe huko kabisa, hata kama tatizo ni dogo. Hiyo ina wakuu wake na mafundi wake.

Tatizo likiisha, kazi moja hubaki. Mwombaji aandike pale pale alipouliza kwamba limekwisha, na kwa njia gani, kisha awashukuru waliomsaidia. Maneno hayo machache yatamkuta mtu mwingine, mwenye kifaa kile kile na namba zile zile, naye hatahitaji tena kumwamsha mtu usingizini.