Mume, Mke na Mtoto Asiyeitika

 Leo tuzungumze juu ya nyumba yenye mtoto wa usonji. Lakini hatutamtazama mtoto peke yake. Tuwatazame wazazi wake wawili.

Usonji si wazimu wala utundu. Ni namna ubongo wa mtoto ulivyokua tangu kabla hajazaliwa, na kwa kawaida dalili huonekana kabla hajatimiza miaka mitatu. Huitwa jina lake asiitike. Pengine alikuwa na maneno machache, kisha yakapotea. Kelele ya mashine ya kusaga unga humtesa. Leo hula muthokoi, kesho muthokoi, na ukimpa kingine hulia hadi usiku. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 alikuwa na hali hii. Basi jirani yako yumo.

Swali la kwanza linaloingia nyumbani ni hili: ametoka ukoo wa nani? Wazee waliopeleka mbuzi wa ntheo huanza kunong'ona juu ya upande wa mama. Wengine husema laana, wengine uchawi. Hata wasomi walikosea hapa. Baada ya daktari Leo Kanner kueleza usonji huko Marekani mwaka 1943, kwa miaka mingi mama alishtakiwa kwamba moyo wake ni baridi. Ndipo Bernard Rimland, mtaalamu wa saikolojia ambaye mwanawe mwenyewe alikuwa na usonji, akatoa kitabu mwaka 1964 kuonyesha kwamba chanzo kimo mwilini, si katika malezi. Nasi Wakristo tungalijua mapema. Katika Yohana sura ya 9 wanafunzi waliuliza ni nani aliyekosa hata mtu akazaliwa kipofu, yeye au wazazi wake, na Bwana aliwakatalia yote mawili.

Watu husema ndoa 80 katika 100 za wazazi hawa huvunjika. Si kweli. Watafiti wa Baltimore walitazama habari za watoto zaidi ya 77,000 wa Marekani, wakatangaza mwaka 2012 kwamba watoto 64 katika 100 wenye usonji waliishi na wazazi wote wawili, na wasio na usonji 65. Lakini tusijidanganye: uchunguzi wa Wisconsin wa mwaka 2010 ulikuta talaka karibu 24 katika 100, ambapo kwa wazazi wengine zilikuwa 14, na mzigo ule haukupungua mtoto alipokua. Hiyo ni Marekani. Kwetu wapo wengi wasioachana mbele ya sheria, ila mmoja harudi tena nyumbani.

Tazama inavyokuwa. Baba yuko Athi River au Nairobi, anarudi Jumamosi. Mama hajalala wiki nzima, kwa maana watoto hawa mara nyingi hawalali. Amefunga kibanda chake cha mboga. Baba anaingia, anamwona mtoto akigonga kichwa ukutani, anasema, "Mama, umemdekeza." Neno hilo moja linatosha kuleta ukimya wa mwezi.

Baba, usiku wa Jumamosi uwe wako. Mama alale. Wewe ujifunze mwenyewe anachokula mtoto na kinachomtisha, ndipo utoe shauri. Fedha nazo zisemwe waziwazi. Mbuzi akiuzwa kwa siri kumlipa mganga, au mhubiri anayedai sadaka ya uponyaji, kinachopotea ni zaidi ya mbuzi. Na nendeni pamoja kwenye kituo cha serikali cha kupima watoto kwa ajili ya elimu. Huduma hiyo ilianza nchini mwaka 1984. Mkisikia maneno ya mwalimu pamoja, hakuna atakayemwambia mwenzake kwamba ametunga.

Na ninyi akina mama wa kanisa, msilete maombi peke yake. Wawili kati yenu wamzoee mtoto huyo pole pole, naye awazoee. Kisha wakae naye saa mbili Jumamosi alasiri, awe na sufuria na kifuniko anachopenda kuzungusha, redio ikiwa imezimwa, hata hii yetu, ili baba na mama yake waende sokoni Marikiti kwa miguu, wawili tu.